MICHEZO NA MAENDELEO: KIWANJA CHA MPIRA KIJIJINI

Tangu Mwingi hata Mtito Andei, ni vijiji vichache sana visivyo na kiwanja cha mpira. Aghalabu ni uwanja wa shule: magoli ya miti, ardhi nyekundu iliyokauka, na mbuzi wapitao katikati. Hata hivyo kila jioni vijana hukusanyika hapo, na wazee husimama chini ya mwembe kutazama.

Siku hizi vijiji vingi vyatamani uwanja mkubwa wenye majukwaa. Tamaa hiyo si mbaya, lakini yafaa kutazama mifano miwili iliyo karibu. Uwanja wa Ithookwe, Kitui, ulitengenezwa kwa ajili ya Sikukuu ya Mashujaa iliyofanyika hapo tarehe 20 Oktoba 2025. Uwanja wa Wote, Makueni, ulikuwa miongoni mwa viwanja vilivyoahidiwa na Serikali baada ya uchaguzi wa 2013, na kazi yake ikakawia miaka mingi. Ikiwa mji ulio makao makuu ya kaunti hungoja hivyo, kijiji kitangoja muda gani?

Jibu ni kwamba majukwaa hutegemea fedha zitokazo mbali, bali kiwanja chenyewe chaweza kutengenezwa na wenyeji. Sheria za mpira hazidai majukwaa. Zataka urefu usiopungua mita 90 wala kuzidi 120, upana wa mita 45 hadi 90, na goli lenye upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Ekari mbili na nusu zatosha, pamoja na nafasi ya watazamaji.

Jambo la kwanza ni hati ya ardhi. Kiwanja kisicho na hati ni kama ng'ombe asiye na alama: siku yoyote aweza kutokea mtu akasema ni wake, na watoto wakarudi kucheza barabarani. Kwa hiyo mipaka na ipimwe na kuandikishwa kabla ya kununua hata wavu mmoja.

Jambo la pili ni maji ya mvua. Wakamba ni mabingwa wa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na ujuzi huo huo wafaa hapa. Mfereji uchimbwe upande wa juu, ardhi isawazishwe, kisha ukoka upandwe mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, kwa kuwa ndizo za kutumainiwa zaidi. Kazi hiyo si kubwa kwa mwethya wa kijiji kizima.

Jambo la tatu ni halmashauri ndogo yenye daftari la fedha lililo wazi kwa wote. Wasichana wawe na siku zao za kucheza sawa na wavulana.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kuangalia viwanja vya michezo, na huko Makueni mikutano ya kupanga matumizi ya fedha huanzia kijijini. Kijiji kitakachofika mkutanoni na hati mkononi, na ardhi iliyokwisha kusawazishwa, kitasikilizwa upesi kuliko kile kilichokuja na maombi matupu. Basi wazee na vijana na wakutane, waanze na kamba ya kupimia.