Mwandishi wa Sinema na Mkataba Wake

Msomaji wetu wa Lupembe, huko kwenye mashamba ya chai, atuuliza: je, yafaa mwanawe aandike hadithi za sinema? Twajibu kuwa kalamu ni kalamu. Hukumu yafuata kile kiandikwacho. Marehemu Rashidi Kawawa, Mwislamu mwenzetu, aliigiza katika "Muhogo Mchungu" miaka ya 1950, kisha akawa Waziri Mkuu.

Linalotutia hofu sisi ni biashara yenyewe. Kijana hukesha akipanga matukio na maneno ya kila mchezaji, kisha huikabidhi kazi kwa ahadi ya mdomo. Filamu huuzwa, huonyeshwa katika televisheni, naye hata jina lake halionekani! Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yamlinda mtunzi tangu aandikapo, lakini wazo tupu haililindi. Na kabla ya sheria hiyo, aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha tuandikiane deni la muda na kuweka mashahidi. Ajabu mtu huyu awaandikiaye wengine maneno yao, asiandike yaliyo yake.

Basi na waandikiane: malipo kiasi gani na lini, jina litokee wapi, na hadithi ikigeuzwa mchezo wa mfululizo alipwe nini. Nakala moja aiweke kwa babake.