Kabla ya Kulipenda Gari Jipya, Endesheni Lenu



Mama mmoja wa Muheza ametuandikia kutaka ushauri ambao si wa kila mwezi katika ukurasa huu. Tumezoea kuulizwa habari za ada, za wasichana wa kazi na za mawifi. Yeye anauliza habari za gari. Wana Subaru Impreza ya umbo lile la miaka ya 1990, yenye turbo na gia za mkono, waliyoinunua kwa mtu na kukaa nayo miaka mingi. Sasa baba watoto amempata mtu pale Tanga mjini mwenye Impreza ya umbo lililotoka mwaka 2007, naye yuko tayari kubadilishana nao wakimwongezea fedha juu. Fedha zipo, lakini ziliwekwa kwa ajili ya bati za nyumba. Jumamosi baba anakwenda kulijaribu gari hilo barabarani. Mama anauliza: "Niende naye, au nibaki nyumbani niombe?"

Omba asubuhi, mama, kisha nenda.

Kwanza tumwelewe baba, maana ni rahisi mno sisi wanawake kusema kwamba wanaume ni watoto mbele ya magari. Impreza ilitoka mwaka 1992. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda nayo Safari Rally kule Kenya, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda na Impreza tena. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, kwa hiyo wapo babu na bibi walioziona vumbi lake kwa macho. Kijana wa miaka kumi na mitano aliyefuatilia ushindi wa 1997 leo ni mtu mzima mwenye familia, na gari la jina lile lililoko uani mwake si chombo cha kumfikisha kazini tu. Wala si dhambi mtu kukifurahia kitu kizuri alichokipata kwa jasho lake.

Ila kuna jambo ambalo mashabiki wa mbio zile hulisahau. Magari yale hayakushinda kwa upya wake peke yake. Mafundi walikuwa wakiyasubiri njiani na spea, na gari lilipofika walibadilisha shokapu, tairi na chochote kilicholegea, kisha likaondoka tena. Hata gari la bingwa, lingeachwa liende na shokapu zilizokufa, lingeyumba kama daladala bovu.

Hapo ndipo ulipo mtego wa siku ya Jumamosi. Mtu anapokwenda kujaribu modeli mpya ya gari alilo nalo, analilinganisha na gari lake jinsi lilivyo leo: shokapu zimechoka, bushi zimekatika, tairi mbili nzima na mbili kipara, kiti cha dereva kimebonyea. Lile jingine limeoshwa, tairi zimepakwa dawa ya kung'aa, na ndani linanukia. Akizungusha usukani mara ya kwanza anasema, "Ah! Hili ndilo gari!" Pengine anachokisikia katika dakika zile tano ni shokapu nzima tu, ambazo angeweza kuzinunua na kufungiwa hapo hapo Muheza. Kitabu cha Mithali, sura ya 20 aya ya 14, kinamtaja mnunuzi anayekikashifu kitu cha mwenzake ili apunguziwe bei, kisha akienda zake hujisifu. Siku hizi mambo yamegeuka. Mnunuzi hulikashifu gari lake mwenyewe, tena mbele ya muuzaji, na bei ya gari lake inashuka akisikia kwa masikio yake.

Basi wiki hii, kabla ya Jumamosi, pelekeni gari lenu kwa fundi mnayemwamini. Msimwambie kwamba mnataka kulitoa. Mwambieni aandike kwenye karatasi kila kinachotakiwa ili liwe sawasawa, na bei ya kila kimoja. Karatasi hiyo mama aitie kwenye mkoba. Mkilinganisha, msilinganishe fedha ya nyongeza na "gari bovu". Linganisheni na ile karatasi.

Siku yenyewe nendeni mjini na gari lenu, na watu wote ambao huwa wanalipanda. Mama mkwe akisafiri nanyi kila mwezi kwenda kliniki Bombo, naye aje. Watoto waje. Kama mna desturi ya kubeba magunia ya machungwa kwenye buti, na nani wa Muheza hana, pimeni buti la hilo jipya kwa macho na kwa mikono, msikubali kuambiwa tu kwamba ni kubwa.

Muuzaji, kama ana akili, atawapeleka Raskazone. Tunaipenda Raskazone: bahari, miti, upepo. Lakini kwa kazi hii haifai, maana barabara ni tambarare na mtu yeyote akiendesha kandokando ya bahari jioni huona maisha ni mazuri. Mwombeni mtoke kwa barabara ya Pongwe, mwende na lami kidogo, kisha mwingie njia yoyote ya vumbi yenye mashimo, polepole, madirisha yamefungwa na redio imezimwa. Gari husema ukweli kwenye mashimo. Mkisikia kugonga chini upande mmoja, ulizeni. Halafu, na hili ndilo kubwa, rudieni njia ile ile kwa gari lenu, siku hiyo hiyo, na watu wale wale. Mjini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, hata kama gari lina turbo.

Tuseme na yale ambayo kweli ni mapya. Umbo la kwanza la Impreza lilikuwa na milimita 2,520 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Lile la 2007 lina milimita 2,620. Hizo ni sentimita kumi, na sehemu kubwa ya faida yake huangukia magoti ya anayekaa nyuma. Mama mkwe atazisikia sentimita hizo kuliko baba atakavyozisikia. Nguvu za injini ni habari nyingine. WRX ya kwanza ya mwaka 1992 ilikuwa na nguvu farasi 240 huko Japani. Ya umbo la 2007 yenye injini ya turbo ya lita 2, ile iitwayo S-GT, ina 250. Nyongeza ni kumi tu, na gari lenyewe limezidi uzito kwa zaidi ya kilo 100. Kwa hiyo baba akitegemea kurushwa nyuma kwenye kiti kama alivyozoea, huenda akashangaa kuona gari limetulia. Utulivu huo wengine huupenda, nasi tuko upande wao. Lakini asilipe fedha za bati akidhani ananunua mbio.

Mkifika, kabla ya kuwasha, wekeni kiganja juu ya boneti. Iwe baridi. Injini iliyopashwa moto kabla hamjafika huficha mengi. Fungueni ufunguo bila kuwasha na mtazame taa za dashibodi: ya injini na ya mifuko ya hewa ziwake, kisha baada ya kuwasha zizime. Taa ambayo haiwaki kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwa sababu yawezekana mtu ameing'oa balbu. Wacheni injini iunguruke dakika tano, kisha mmoja akanyage mafuta na mwingine asimame nyuma. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili, na kwa gari la turbo hiyo ni gharama kubwa.

Ulizeni mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na karatasi au kibandiko kiko wapi. Katika injini hizi kazi hiyo hufanyika karibu na kilomita 100,000, na mkanda ukikatika gari likiwa mwendoni, valvu hugongana na pistoni na injini imekwisha. Muuzaji akijibu "Hizi hazina shida," hajajibu. Kilomita zilizoandikwa pale mbele zisiwatie imani sana, kwani kuna mikono inayojua kuzirudisha nyuma. Tazameni mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani. Gari la kilomita elfu hamsini halina pedali iliyolika hadi chuma.

Halafu mkeka. Ndiyo, nendeni na mkeka, na kijana mmoja alale chini ya gari na tochi. Sisi watu wa pwani tunajua chumvi ya bahari inavyokula bati na misumari. Chesisi nayo ni chuma. Na magari ya mtumba kutoka Japani, yale yaliyotumika kwenye sehemu za theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, huja na kutu yake tayari. Kutu ya juu juu ni ya kawaida. Kutu inayotoboka ukiigusa kwa bisibisi, rudini nyumbani.

Sasa tumefika kwa mama mwenyewe. Katika barua yake ameandika, kama jambo la kupita, kwamba yeye ndiye anayeliendesha gari siku nne kwa wiki kwenda kazini, na kwamba baba amesema "atalizoea tu". Mama mwenzetu, hapana. Anayeliendesha gari siku nne analijaribu yeye pia, tena si kwa kuzunguka uwanja mara moja. Kaa kwenye kiti, ukisogeze, uone kama unakanyaga klachi hadi mwisho bila kujivuta. Geuza shingo utazame nyuma: magari ya siku hizi yana nguzo nene na kioo kidogo cha nyuma, na pale langoni kwako wanacheza watoto. Rudi kinyumenyume. Egesha kati ya magari mawili. Panda kilima chochote utakachokipata, usimame katikati, na uondoke tena bila gari kurudi nyuma. Muuzaji akicheka kwamba gari la namna hii si la wanawake, mwambie kwamba mwaka 1983 Mfaransa Michèle Mouton alimaliza Safari Rally akiwa wa tatu, katika Audi Quattro, na wanaume wengi walikuja nyuma yake au hawakufika kabisa.

Kabla ya kutoka nje ya geti, ulizeni bima. Nani atalipa mkigonga mkokoteni pale Ngamiani? Bima ya gari lile inamhusu dereva mgeni? Andikeni mistari miwili kwenye karatasi, muuzaji atie sahihi nanyi mtie. Wengi huona haya kufanya hivyo na mtu waliyefahamiana naye, hasa akiwa wa kanisa moja. Sisi tunaona ni heshima kwa pande zote mbili. Leseni ziwe mkononi, za baba na za mama.

Mkirudi mtaulizwa pale pale: "Vipi, mnalichukua?" Ataongeza kwamba kuna mtu wa Korogwe anakuja kesho asubuhi na fedha taslimu. Huyo mtu wa Korogwe tunamfahamu wote; amekuwa akija kesho asubuhi tangu tulipoanza kununua vitanda na majokofu. Jibuni kwa upole kwamba mtaleta neno Jumatatu, mchukue namba ya kadi ya gari ili mhakikishe TRA kwamba jina la mwenye kadi ndilo la anayeuza, na mpande gari lenu mwende zenu. Njiani msizungumzie gari. Zungumzeni nyumbani, watoto wakilala, karatasi ya fundi ikiwa mezani pamoja na ile ya bei za bati.

Mama ametuuliza pia tunaonaje. Kutokana na aliyoyaandika, nyumba haina bati upande wa jikoni na masika haiko mbali. Shokapu nne, bushi na tairi mbili kwa kawaida hazifikii hata sehemu ndogo ya fedha ya nyongeza anayotaka mtu yule. Tungeanza na hizo, tukaezeka, na gari la 2007 likangoja. Lakini ikiwa fundi ataandika kwamba injini yenu imechoka au chesisi imeoza, karatasi itakuwa imesema jingine, nasi hatutabishana nayo. Jambo moja tunamsihi baba, kama mama atamwonyesha ukurasa huu: asiende peke yake, na asikae yeye mbele muda wote. Kipande kimoja cha safari, kile cha mashimo baada ya Pongwe, akae nyuma, katikati, mahali anapokaa mama yake.