Wazazi na Watuambie Kweli Juu ya Dini

Wako wasemao kuwa kijana hana haki ya kuchagua dini maadam anakula chakula cha baba yake. Mimi sikubali, wala sikubaliani na wenzangu wadhanio kuwa uhuru ni kulala Jumapili mpaka saa nne. Kabla ya kubishana juu ya uhuru wetu, yafaa tuulize: je, wazazi wanatuambia kweli?

Hapa Gikondo jambo hili si la mchezo. Tarehe 9 Aprili 1994 watu waliokimbilia parokia ya Wapalotini waliuawa mumo humo, na wengi wa wauaji wa mwaka ule walikuwa wamebatizwa. Baadaye wako waliobaki katika Kanisa, wako walioingia kwa Wapentekoste, na wako waliosilimu kwa kuwa waliona Waislamu wakiwaficha jirani zao. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Lakini sisi tuliozaliwa baadaye twapewa dini tupu, sababu imefichwa. Mwenzangu mmoja hupelekwa misa na baba ambaye mwenyewe hukaa nje mpaka watu watoke. Akimwuliza, "Baba, mbona huingii?" hujibiwa, "Wewe sali tu." Atachaguaje, naye ameonyeshwa nusu ya jambo?

Wala si jambo jipya. Mwami Musinga alikataa ubatizo, na Wabelgiji wakamwondoa mwaka 1931. Mwanawe Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, baba yake angali hai uhamishoni. Katika miaka ile watu walibatizwa kwa maelfu, na machifu walijua vizuri serikali yapenda nani. Sijui ni wangapi waliowaambia watoto wao habari ya cheo!

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 1991, wampa mtoto uhuru wa dini na mzazi haki ya kumwongoza kwa kadiri akili yake inavyokua. Lakini mtu amwongozeje mwenzake katika njia asiyotaka kusema ilimpitisha wapi?

Wazee watajibu kuwa habari zile zaweza kuua imani ya kijana. Lakini Papa Francis aliomba msamaha wa Mungu mwaka 2017 kwa dhambi za Kanisa katika mambo hayo, na makanisa yetu hayakubaki matupu. Tena wako wasioweza kusema bila kuumia, hao wasilazimishwe. Hata "Mwanangu, hili siwezi kulisema bado" ni neno la kweli.

Ninyi mliotutangulia shuleni, wengi wenu mna watoto wanaojiandaa kwa Kipaimara. Kaeni nao jioni moja, mwaeleze mliingiaje na kwa nini mmebaki. Mtoto akiomba kungoja mwaka mmoja, mwacheni angoje.