Kidonge Peke Yake Hakitoshi

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliotutangulia shuleni, naomba nafasi nitoe maoni yangu juu ya adui mdogo aitwaye mnyoo bapa.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wafugao samaki wa baharini na matumbawe hai ndani ya masanduku ya kioo yenye maji ya chumvi. Baadhi ya samaki hao huvuliwa pwani ya Kenya. Adui yao mmoja ni mnyoo bapa alaye matumbawe, aliyewasumbua miaka mingi kabla ya wataalamu kumpa jina mwaka 2011. Ni mwembamba mno, na rangi yake hufanana na tumbawe alilolilalia, hata mwenye mali huona tumbawe limepauka asijue nani amelidhuru.

Mfugaji hodari hategemei njia moja. Kwanza, kila tumbawe jipya hulitenga katika chombo cha peke yake. Pili, hulichovya katika dawa ili minyoo waanguke. Lakini dawa hiyo haiui mayai. Yasipokwanguliwa kwa mkono, baada ya majuma matatu hivi huanguliwa, na kazi huanza upya. Tatu, huweka samaki wapendao kula minyoo wadogo, kama yule mwenye mistari sita apatikanaye hata katika miamba ya Afrika Mashariki. Samaki huyo hawamalizi minyoo wote, ila huwapunguza kila siku.

Mtaniuliza, maji ya chumvi yanatuhusu nini sisi wa Kafutuma, ambao ziwa letu la Mweru ni maji baridi? Yanatuhusu sana. Mnyoo aletaye kichocho ni wa ukoo huo huo wa minyoo bapa. Mjerumani Theodor Bilharz alimgundua mjini Cairo mwaka 1851. Mgonjwa akikojoa au kunya majini, mayai huanguliwa, na kitoto cha mnyoo humtafuta konokono wa aina yake. Humo huongezeka kwa majuma kadhaa, kisha hutoka maelfu na kupenya ngozi ya mtu aogaye, afuaye au atekaye maji. Wako wavulana wadhanio kwamba kukojoa damu ni dalili ya kukua. Huo si utu uzima, ni ugonjwa. Hupunguza damu, huchosha akili darasani, na mwishowe huharibu kibofu au ini.

Wengine husema, "Dawa ipo, yatosha." Ni kweli, prazikwanteli ni dawa njema. Mwaka 2001 mataifa yaliazimia katika Shirika la Afya Duniani kwamba, ifikapo 2010, watoto wa shule wasiopungua asilimia 75 katika sehemu zenye ugonjwa wawe wanapewa dawa. Mimi humeza vidonge hivyo kila viletwapo, na nawasihi wenzangu msivikimbie. Lakini dawa hiyo huua minyoo waliokomaa, wachanga hupona. Na aliyemeza leo, akioga kesho penye konokono, aweza kuambukizwa tena. Ni sawasawa na mtu achovyaye tumbawe katika dawa akayaacha mayai.

Je, tumwage dawa ya kuua konokono ziwani? Nadhani si njia yetu. Niklosamidi, dawa itumiwayo sana kwa kazi hiyo, huua na samaki pia. Na samaki ndiye chakula chetu na mapato ya wazee wetu.

Ziwa letu lina askari wake tayari. Yumo samaki wa jamii ya perege, aitwaye na wataalamu Sargochromis mellandi, mwenye meno ya kooni ya kupondea konokono. Ni mwenyeji wa maji ya Luapula na Mweru, na katika miaka ya 1950 alijaribiwa katika mabwawa ya Katanga kwa kazi hiyo. Tena, wataalamu waliochunguza Ziwa Malawi walieleza kwamba samaki walao konokono walipovuliwa kupita kiasi, konokono waliongezeka karibu na ufuko, na kichocho nacho kikaongezeka.

Kwa hiyo nasema wazi: chandarua cha mbu si wavu wa samaki. Hukokota vifaranga pamoja na wakubwa, askari wetu wakiwamo, na kitandani humwacha mtoto wazi kwa mbu, katika wilaya hii ya Nchelenge yenye malaria nyingi mno. Najua mwenye njaa hashibi maneno. Kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, na nyumbani kwa mvuvi miezi hiyo ni mirefu. Lakini tukumbuke habari za mpumbu, aliyekuwa akipanda mto Luapula kwa wingi kwenda kutaga. Alitegwa njiani kabla ya kutaga, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa amekwisha kuwa haba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, wanafunzi wenzangu, tusikojoe majini hata mara moja, tumeze dawa kila mwaka iletwapo, na kila mmoja akawaeleze wa nyumbani kwao habari ya chandarua, kwa heshima, maana wavuvi ni baba zetu. Nanyi kaka zetu mliopata kazi Mansa, Ndola na Lusaka, mnapotaka kuikumbuka shule, msituletee vikombe vya mashindano ya mpira. Tujengeeni vyoo na kisima cha pampu. Mdogo wenu akipata maji safi karibu, hatakuwa na haja ya kuingia ziwani na ndoo kila asubuhi.