Kikomo cha Sh2,500 chawaacha wapangaji nje

MPANGAJI wa Lodwar anayepandishiwa kodi ghafla huenda akadhani Jopo la Kudhibiti Kodi za Nyumba litamwokoa. Lakini Sura 296 ya Sheria za Kenya huliruhusu kusikiliza tu mizozo ya makazi ambayo kodi yake ya kisheria haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Anayezidi hapo sharti aelekee mahakamani.

Ajabu ni kuwa mwenye duka mjini Kakuma ana kinga pana zaidi. Sura 301 haitazami kiasi cha kodi. Hutazama mkataba, iwapo haukuandikwa au hauzidi miaka mitano.

Hivyo duka lalindwa kuliko kitanda. Ni mpangaji yupi wa chumba kimoja atakayemudu wakili? Bunge ndilo lenye uwezo wa kuifuta tarakimu hiyo.