Afungi imefunguliwa tena: je, samaki wako watanunuliwa?

Mnamo Novemba 2025 TotalEnergies na washirika wake walitangaza kuondoa zuio lililosimamisha mradi wa gesi wa Afungi tangu Aprili 2021. Ni mradi wa dola zipatazo bilioni 20. Kama unaishi Palma, Quitunda au Mocímboa da Praia, au bado unasubiri Metuge kurudi kwenu, huenda umeambiwa tena kwamba kampuni zikikua, umaskini utapungua. Kabla hujakubali au kukataa, angalia fedha hizo zinapita njia gani hadi kukufikia.

Nchi yetu imeshalijaribu jambo hili. Kiwanda cha alumini cha Mozal, karibu na Maputo, kilianza kazi mwaka 2000 na kikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa Msumbiji nje ya nchi, lakini ajira zake za moja kwa moja zilikuwa kama elfu moja tu. Baadaye yakaja makaa ya mawe ya Tete na gesi. Hata hivyo, kati ya 2014/15 na 2019/20 umaskini uliongezeka, na zaidi ya asilimia 60 ya wananchi wakawa chini ya mstari wa umaskini. Mauzo ya nje yanaweza kupanda huku sufuria ya nyumbani ikibaki tupu.

Kinachobadilisha maisha ya jirani wa kampuni ni manunuzi yake: nani anauza mboga, nani anashona sare, nani anafua mashuka. Na hapo ndipo pagumu kwa Afungi ya leo. Baada ya shambulio la Machi 24, 2021 mjini Palma, eneo la mradi limefungwa sana, na mpango wa kampuni ni watu na mizigo kuingia zaidi kwa ndege na kwa bahari. Sababu yake inaeleweka. Waliouawa siku zile ni ndugu na majirani zetu. Lakini mfanyakazi asiyetoka nje ya uzio hanywi chai kibandani kwako, hapandi pikipiki yako, wala hapangi chumba chako. Mwenye duka Palma anaziona taa za mradi usiku, basi.

Wavuvi wana shida yao. Familia za Quitupo zilihamishiwa Quitunda, zikapewa nyumba za matofali, lakini ufukwe ukawa mbali. Mvuvi asiyelala karibu na chombo chake hutumia muda na nauli kabla hajatupa wavu. Hata akipata samaki wa kutosha, mpishi wa kambi kubwa atamwuliza barafu, mzani na risiti. Kisha atalipwa baada ya siku thelathini, au sitini. Nani kati yetu ana mtaji wa kungoja siku sitini? Mradi uliposimama 2021, CTA, shirikisho la wenye biashara, lilisema hadharani kwamba kampuni za Msumbiji zilizokuwa zikiuhudumia zimepata hasara. Kama hao waliumia, mama mwenye ndoo mbili za samaki ataponea wapi?

Karatasi nazo ni kikwazo. Bila NUIT na akaunti, hata zabuni ya kufagia huipati, na wengi wetu vitambulisho viliteketea pamoja na nyumba. Ikiwa BI yako ilipotea, anza na hiyo sasa, kabla ya mikutano ya zabuni. Ukiwa mkimbizi kutoka Kongo au Burundi, uliyeko Maratane au uliyefika pwani kibiashara, uliza benki mapema inakubali hati gani. Usingoje siku ya malipo.

Hata hivyo kuna jambo Mozal iliwahi kulifanya ambalo linafaa kudaiwa hapa. Kwa msaada wa IFC, mikataba mikubwa ilikatwa vipande vidogo, ikaandikwa kwa Kireno badala ya Kiingereza, na wenye kampuni ndogo wakafundishwa kuomba. Ndipo baadhi wakaingia. Cabo Delgado kuna ADIN, shirika la serikali lililoundwa 2020 kwa maendeleo ya kaskazini, na kuna mfuko wa Pamoja Tunaweza wa mradi wenyewe, uliotangaziwa bajeti ya dola milioni 200. Jina lake ni la lugha yetu, basi na matangazo yake ya zabuni yasomwe kwa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, sokoni na msikitini, si kwenye mtandao pekee.

Wakija kijijini, usiulize tu watajenga nini. Uliza mwezi huu wamenunua kilo ngapi za samaki wa Palma, kutoka kwa nani, na waliwalipa baada ya siku ngapi.