Bastola Kuukuu na Risasi Mpya

Katika nchi iliyo kati ya Tukuyu, Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, habari za silaha za kale hazijakoma kusimuliwa. Mwezi Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilishuka kutoka Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, likavuka mto Songwe na kupigana na Waingereza huko Karonga tarehe 9. Hata leo husimuliwa kwamba Wajerumani walitumbukiza silaha na mali katika ziwa la Kisiba, huko Masoko. Iwe kweli au hekaya, mazungumzo ya namna hiyo huzaa swali ambalo wanafunzi huuliza: je, bastola ya miaka mia na zaidi, ambayo risasi zake hazitengenezwi tena, haiwezi kurekebishwa ipige risasi za sasa?

Fundi hodari atajibu upesi kwamba inawezekana. Jibu hilo ni la haraka mno.

Bastola nyingi za karne ya 19 zilitumia risasi zenye fataki ukingoni. Kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilianza kuuza bastola ya namna hiyo mwaka 1857. Dawa ya fataki ilifichwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na nyundo ikauponda ukingo huo ili kuiwasha. Ili ukingo upondeke, hapana budi ganda liwe laini na jembamba. Na ganda jembamba haliwezi kustahimili kanieneo kubwa. Kwa sababu hiyo risasi kubwa za aina hii zilishindwa na zile zenye fataki katikati ya kitako, viwanda vikaacha kuzitengeneza, na bastola nzuri zikabaki hazina chakula.

Kuigeuza nyundo ipige katikati badala ya ukingoni ni kazi ya tupa na subira. Lakini aliyefanya hivyo amebadili mahali pa pigo tu. Chuma ni kilekile. Chuma hicho kilipimwa kwa baruti nyeusi ya shura, makaa na kiberiti. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo moshi kutokana na nitroseluloza, na tangu hapo hesabu zote zilibadilika. Hewa inayotuzunguka hutusukuma kwa baa 1 hivi. Risasi ya bastola ya kisasa ya milimita 9 inaruhusiwa kufikia baa 2,350. Zile za kale za ukingoni hazikufikia hata nusu ya hiyo. Mwalimu wa fizikia na aandike ubaoni: mkazo katika ukuta wa silinda huongezeka kadiri kanieneo na kipenyo vinavyoongezeka, na hupungua kadiri ukuta unavyokuwa mnene. Kuta zinazotenganisha chemba za bastola ni nyembamba, na mkono wa mpigaji uko karibu sana nazo. (Gobore la kienyeji nalo, likishindiliwa baruti isiyo yake, hufuata kanuni hiyohiyo bila huruma.)

Isidhaniwe kwamba kila mageuzi ni upumbavu. Mwaka 1866 Uingereza ilianza kuzigeuza bunduki zake za Enfield, zilizokuwa zikishindiliwa kwa mdomo, zikawa za kupakiwa kwa nyuma kwa ufundi wa Jacob Snider. Stanley alizichukua Snider katika safari yake ya 1874 hadi 1877 kupitia nchi zetu. Mageuzi yale yalifaulu kwa kuwa baruti ilibaki nyeusi, mtutu ukabaki na mzigo unaolingana na nguvu zake, na serikali ikapima kabla ya kugawa. Yafaa pia kuwatazama askari wa Kijerumani wa 1914. Makampuni yao kadhaa yalikuwa bado na bunduki za Mauser za 1871, zenye baruti nyeusi, ambazo moshi wake uliwafichua kwa adui. Hata kwa dhiki ile, bunduki hizo ziliendelea kulishwa risasi zake zenyewe. Na meli ya Rubens ilipoleta silaha mwaka 1915 ikazama katika ghuba ya Manza, risasi zilizoopolewa zilifunguliwa na baruti ikaanikwa; hata hivyo nyingi hazikulia.

Kwa hiyo anayetaka kuirudisha bastola ya namna hii kazini anakosea njia. Thamani yake iko darasani na katika makumbusho: kemia ya fataki, metalojia ya feleji, historia ya ziwa. Kuimiliki bila leseni ni kosa chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Mwanafunzi akiiona ikifukuliwa shambani au ufukweni, asiisugue wala kuivuta nyundo. Aiache palepale na kuwaita polisi, kwa maana fataki ya kale iliyolala udongoni huweza kuwa imekufa, na huweza kuwa hai.